Baba husema "mayi", nikimpa hanywi

Shangazi, assalaam alaykum.

Nakuandikia usiku, baba amelala. Nina miaka 34. Nimezaliwa hapa Amu (Lamu), lakini tangu darasa la nne nililelewa Mombasa kwa mama mdogo, nikasoma huko, nikapata kazi huko. Mwaka jana baba alipata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yamempotea. Mama alishatangulia mbele ya haki. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kakangu, na kaka ana mke na watoto, kwa hiyo ikaonekana wa kurudi ni mimi. Sikulalamika. Nilifunga virago nikaja.

Tunakaa Langoni, katika nyumba ya mawe aliyoiacha nyanya. Kuta nene, vyumba vyembamba, mwanga haba. Siku yangu huanza kabla ya adhana ya alfajiri: kumgeuza, kumwogesha, kubadilisha shuka, chai, dawa, uji, tena kumgeuza. Natoka mara moja tu kwa siku, kwenda sokoni, kijana wa jirani akiwa amekaa naye. Nusu saa. Njia yenyewe nyembamba, punda wanapita na mifuko ya mchanga, najibana ukutani nisikwaruzwe, nachungua ninapokanyaga. Halafu narudi ndani.

Juzi nilimkuta mgeni mmoja, mama wa makamo, amesimama mbele ya mlango wetu anaupiga picha. Ni mlango wa kuchongwa, wa zamani. Alinisalimu kwa Kiswahili cha kujifunza, akaweka mkono kifuani, akaniambia nina bahati sana, naishi peponi. Nikatabasamu. Nilipofunga mlango nikakaa chini palepale nyuma yake nikalia mpaka ncha ya leso ikalowa.

Shangazi, mimi si mtu wa kukufuru. Najua watu wanapanda ndege kuja kuuona mji huu, na kwamba uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001. Lakini mimi nikitazama bahari naona maji. Nikitazama ule mlango naona mbao zinazodai mafuta. Hapo zamani, nilipokuwa nakuja likizo, nikiona tu minara ya misikiti kutoka kwenye boti moyo ulikuwa unaruka. Sasa ni kama mtu mwenye mafua, chakula chote ladha moja.

Nikimweleza kaka kwenye simu ananiambia nishukuru, niko kwetu, napata hewa safi, yeye yuko kwenye moshi wa matatu. Hutuma pesa kila mwisho wa mwezi, simlaumu. Rafiki zangu wananiambia niende Shela nikapumzike mchangani. Na baba nimwachie nani?

Na huyo baba, Shangazi. Alikuwa nahodha. Miaka arobaini aliendesha jahazi la mizigo, boriti na mawe ya kisiwa cha Manda. Sasa amebakiwa na maneno matatu manne. Kila asubuhi baada ya chai hunitazama na kusema "mayi", kwa Kiamu chake. Mara mbili, mara tatu. Nikimpelekea kikombe anageuza uso. Nimempa maji ya mtungi, nimempa ya chupa, nimebadilisha kikombe, hanywi. Siku nyingine machozi humtoka. Jana nilimpigia kelele. Baba yangu mgonjwa, nampigia kelele kwa ajili ya maji.

Nifanyeje ili macho yangu yaone tena?

Mwenye Macho Makavu,
Langoni, Lamu

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisimama kwenye neno moja nikashindwa kuendelea. Nitalifikia, lakini kuna mambo lazima yatangulie.

La kwanza, umechoka. Mtu anayeamka kabla ya alfajiri kila siku kumgeuza mgonjwa, mwaka mzima, bila wa kumpokea, macho lazima yakauke. Usiuite uchovu huo kukufuru na usimruhusu mtu mwingine auite hivyo. Ukiona usingizi umekukimbia majuma kadhaa, chakula hakishuki, au mawazo yanakwambia heri usingekuwepo, usingoje jibu la gazeti. Nenda hospitali umwambie muuguzi maneno hayohayo uliyoniandikia. Huo ni ugonjwa kama mwingine na una tiba.

La pili ni kakako. Pesa haimgeuzi mgonjwa kitandani. Mpigie umwambie hivi: nataka siku kumi zako. Aje alale hapo, ajifunze kumwogesha babake, na wewe siku hizo ulale mpaka jua lichomoze. Usiombe kwa kuzungukazunguka. Mwanamume mwenye mke na watoto bado ni mtoto wa mtu.

La tatu, zile kelele. Mwombe radhi, kwa maneno, ukiwa umemshika mkono wa kushoto ambao bado unasikia. Kiharusi huweza kuchukua maneno ya mtu na kumwachia akili yake. Wengi walio katika hali yake wanaelewa mengi kuliko wanayoweza kuyatamka, na hilo ndilo linalowatoa machozi.

Sasa neno lenyewe.

Mayi. Mwanangu, mtu aliyeshika usukani miaka arobaini, akiamka asubuhi akasema "mayi", anauliza maji gani? Jahazi lililopakia mawe haliondoki kwa saa ya ukutani. Linalala upande kwenye matope mpaka maji yajae liinuke. Mlango wa kijito cha mikoko haupitiki maji yakiwa yametoka. Kwa nahodha, swali la kwanza la siku, kabla ya salamu za watu, ni hilo: maji vipi? Yanaingia au yanatoka? Leo bamvua au maji mafu? Mimi naona babako hakuombi kikombe. Anakuuliza habari za bahari, na kila siku unamjibu kwa kumpa maji ya kunywa, naye hana maneno ya kukurekebisha.

Huenda nimekosea. Simjui mzee, nimesoma barua tu. Lakini kujaribu hakugharimu kitu, na ukijaribu utakuwa umeanza kujibu swali lako pia. Uliniuliza macho yako yafanyeje ili yaone. Mimi nasema yapewe kazi. Yatumwe. Mtu akiambiwa "nenda katazame uzuri" hurudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna anayemngoja nyumbani na swali. Wewe unaye anayekungoja.

Ninayajua haya kwa mamangu. Mimi niko Malindi, na bahari yetu hubadilika rangi. Mto Sabaki ukishuka na mvua za bara huleta udongo mwekundu mpaka baharini. Kaskazi ikivuma, udongo ule husukumwa kusini, ghuba yote ya mji ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kusi likishika, huenda kaskazini na maji yetu yakaanza kutakata. Mama alikaa kitandani miaka miwili kabla hajafariki, nami nilikuwa kama wewe, sioni kitu. Siku moja akaniuliza, "Sabaki imeshuka?" Sikujua. Niliishi hatua mia tatu kutoka baharini na sikujua bahari ina rangi gani. Niliona haya nikatoka mbio kutazama. Kuanzia siku ile nilikuwa nikitoka kwa ajili yake, na nilikuwa natafuta maneno njiani: si nyekundu leo, ni kama maji ya ukwaju, na kuna mstari kabisa pale inapokutana na buluu. Mama alikuwa akifumba macho akisikiliza. Ule mstari ningeusimamia saa nzima. Sikuwa nimeuona maishani mwangu, nami nimezaliwa hapa.

Basi fanya hivi. Zile nusu saa zako, toa dakika tano. Kutoka Langoni hadi ufukweni si mbali, na gati zina ngazi za mawe zinazoteremka majini. Chagua ngazi moja, iwe hiyohiyo kila siku. Hesabu vidato vilivyo wazi. Tazama kidato cha juu kilicholowa lakini hakina maji: kama kipo, maji yanatoka, kama mawe ni makavu mpaka kwenye maji yenyewe, yanaingia. Rudi umwambie, "Baba, vidato vinne viko wazi, yanaingia." Kisha mtazame uso. Usiseme kitu kingine.

Hutakuwa ukibahatisha, kwa sababu kalenda ya maji unayo tayari, ni ileile ya kufungia Ramadhani. Mwezi unapoandama na unapopea, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 hivi, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti ikifika kadiri ya mita 3. Siku hizo maji hutoka kabisa asubuhi, mnamo saa nne au saa tano, na hujaa alasiri, kuelekea saa kumi na moja. Ukienda sokoni asubuhi ya bamvua utaikuta pwani tupu: mashua zimelala ubavu, kaa wametoka, watu wanatembea palipokuwa na bahari jana alasiri. Kila siku inayofuata mambo huchelewa kama dakika 50, na yakifika maji mafu, tarehe 7 au 8 na 22, bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Babako anayajua haya kama unavyojua njia ya jikoni. Umwambie tarehe ya mwezi kila asubuhi. Anaweza kuwa amepoteza hesabu, na kwa mtu kama yeye huko ndiko kupotea kwenyewe.

Akipokea habari ya maji, mwongeze ya upepo. Tazama mashua zilizotia nanga zimeelekeza omo, ile sehemu ya mbele, wapi. Kuanzia Desemba hivi mpaka Machi ni kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Ghuba. Kuanzia Aprili ni kusi, lililokuwa likiwarudisha na boriti zao. Katikati ni tanga mbili, pepo hazijui zinataka nini. Nakuomba usimletee haya kutoka kwenye simu. Simama pale, upepo uukute kwa shavu, uone buibui lako linapepea upande gani. Yeye alikuwa akiujua kwa ngozi, naye kwa ngozi yako ataujua.

Nyumba yako nayo umeniandikia kwa maneno matatu, kuta nene, vyumba vyembamba, giza. Nimelala katika nyumba za namna hiyo. Inua macho utazame dari. Unajua kwa nini chumba ni chembamba? Kwa sababu upana wake ni boriti moja. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka utakavyo, hutoa kama mita 2 na nusu hadi 3 zilizo imara, na fundi akajenga chumba kulingana na mti. Vyumba vyote virefu vyembamba vya Amu vimepimwa na mikoko. Sasa mlaze baba chali umwelekeze juu, mhesabu pamoja. Boriti ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Taja jina usilolijua, ulikosee kwa makusudi ikibidi, uone kama hatakunja uso. Mtu aliyepakia miti hiyo miaka arobaini hatakubali pau iitwe nguzo juu ya kichwa chake. Huenda neno likamtoka. Lisipomtoka, angalau mtakuwa mmetazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa barua yako naona halijatokea kwa muda mrefu.

Na maji unayomwogeshea, hayo ya mfereji, yanatoka Shela. Rafiki zako wanakwambia ukapumzike kwenye ile michanga. Sawa, siku kaka akija, nenda. Lakini jua kwamba vilima vile vya mchanga hunywa mvua, huichuja, huiweka chini, na visima vya pale ndivyo vinavyounywesha mji. Kila unapokamua kitambaa juu ya mgongo wa baba, ni mvua iliyopita mchangani. Mimi nilipoambiwa hayo nilifunga mfereji nikayatazama maji kwenye kiganja.

Ukipata nafasi ya kusimama ufukweni dakika mbili zaidi, vuka na macho mpaka Manda, ule ukingo wa kijani kibichi. Kwa mbali ni kitu kimoja. Kwa karibu si kimoja: kuna mlilana, unaopenda kusimama mbele na kukabili bahari, ambao mafundi huchonga mataruma, zile mbavu za mashua, kutokana na matawi yake yaliyopinda; kuna mkoko wenyewe na mizizi yake kama miguu ya kaa; kuna mchu unaochomoza vidole matopeni ili upate pumzi; kuna mkandaa; kuna mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Ua la mlilana hufunguka usiku, popo hulijia, na asubuhi nyuzi zake nyeupe unazikuta zinaelea majini. Ukiziona zimesukumwa mpaka kwenye ngazi yako, mchukulie baba mbili tatu umwekee kiganjani. Sitakwambia atafanya nini.

Usiku ndio wakati wako mbaya, naona, kwa kuwa ndio uliponiandikia. Kama nyumba yenu ina kiwanda cha ndani, ule ua usio na paa, una kipande cha mbingu ambacho huhitaji kumwachia mtu mgonjwa ili ukifikie. Sogeza kitanda chake karibu na uwazi, hata kwa robo saa. Mtafute kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, ambazo mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita. Mwezi wa Novemba huchomoza mashariki jua linapozama, na Mei huzama pamoja na jua. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Anza wewe nusu ya kwanza, "kikizama kwa jua…", na unyamaze. Watu waliopoteza maneno yao ya kila siku, mara nyingine maneno waliyoyakariri tangu utotoni hubaki, kama dua na methali na nyimbo. Mamangu hakuwa na kiharusi, lakini jirani yangu alikuwa nacho, hakuweza kuomba chumvi na Alhamdu aliisoma yote.

Kuna siku utakwenda gatini na hutaona chochote. Utaona ngazi, na taka, na injini ya boti inatoa moshi. Siku hiyo hesabu vidato urudi. Habari ya maji ni habari hata kama aliyeileta hana moyo nayo. Mimi nilikuwa na siku nyingi kama hizo, wala sikumficha mama. Nilimwambia, "Leo mama ni maji tu." Akanijibu, "Rangi gani?"

Yule mama mgeni naye usimchukie. Hakukudanganya. Aliuona mlango wako sawasawa: mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, mfaa, ule ubao wa katikati, uliolainika kwa mikono ya vizazi. Ni mzuri kweli. Tofauti yenu ni kwamba yeye hana baba nyuma yake. Aliutazama bila mzigo, na wewe umeubeba mlango wenyewe. Ukipata mafuta, upake siku moja, kipande tu, pale penye mfaa, na mwache baba alale mahali anaposikia harufu.

Kesho usimpe kikombe. Jioni hii uliza tarehe ya mwezi, msikiti wowote utakwambia, upige hesabu maji yatakuwa wapi asubuhi. Akisema "mayi", chukua buibui lako mbele yake, mwambie, "Naenda kutazama, Baba," na uache mlango wa chumba wazi, akuone unatoka.

Shangazi